Injini isiyotupa kitu nyuma: shajara ya mradi

Siku ya 1

Naanza kuandika kabla sijajenga chochote maana najijua, nikishashika bisibisi siandiki tena. Mradi ni huu: nataka kutengeneza kitu kinachojisukuma chenyewe bila kutupa kitu nyuma. Ndio, najua. Newton alishamaliza hayo mambo tangu 1687, ukitaka kwenda mbele lazima kuna kitu ukisukume kirudi nyuma, mguu unasukuma ardhi, kasia linasukuma maji, roketi huko juu haina ardhi wala maji kwa hiyo inabeba kabisa vitu vyake vya kutupa na ndo hivyo mafuta yanakula karibu uzito wake wote. Ukiepuka hilo tu umemaliza kazi, chombo kinakula umeme wa jua tu na kinaenda miaka nenda miaka rudi. Ndo maana watu hawaachi kujaribu.

Mi sijidanganyi kwamba nitamshinda Newton kwenye meza ya mita moja na nusu. Ninachokitaka ni kingine: nataka nione inakuwaje mtu mwenye akili zake timamu, injinia kabisa, anaweka mashine yake kwenye mizani na mizani inamwambia inasukuma. Maana wengi wao hawakuwa matapeli, kuna kitu walikiona kweli. Sa walikiona nini?

Siku ya 3

Nimesoma usiku mzima. Wa kwanza kwenye orodha yangu ni Norman Dean, Mmarekani, alipata hataza yake (hati ya mvumbuzi) 1959, namba 2,886,976. Mashine yake ni vyuma viwili vinazunguka kwa kupishana, kimoja kinaenda huku kingine kule, kila kimoja kizito upande mmoja. Vikizunguka hivyo ile mivutano ya kushoto na kulia inauana, inabaki ya mbele na nyuma tu. Alafu ukifanya ujanja fulani wa kukamata na kuachia kwa wakati wake, ule wa nyuma unapotea unabaki wa mbele. Yeye alisema hivyo. Mwaka 1960 mhariri mmoja wa jarida la hadithi za kisayansi, John W. Campbell, akampigia debe sana, na picha iliyopata umaarufu ni ya mashine ikiwa juu ya mizani ya bafuni, inawashwa na mizani inasoma uzito umepungua.

Mizani ya bafuni. Kumbukeni hiyo, tutarudi.

Naanza na hii kwa sababu ni rahisi, hamna volti kubwa, hamna mionzi, ni mota mbili na gia na nati.

Siku ya 6

Kigari kimekamilika. Mota moja tu mwishowe, gia mbili zinazoshikana ili vyuma vizunguke kinyume kwa kinyume bila kupishana hata nusu jino, kila mkono una nati nne mwishoni, na kuna kibati chembamba kama springi ambacho kila mzunguko kinagusa mikono upande mmoja na kuipunguza kasi. Yaani nusu ya mzunguko haraka, nusu taratibu. Matairi manne madogo, hayajaunganishwa na mota kabisa, yanazunguka yenyewe tu. Uzito wote gramu 640.

Nusu ya siku imeenda kwenye gia. Nilizibandika kwa gundi, zikatoka, nikabandika tena, zikatoka zikagonga ukuta. Sasa zina skurubu.

Siku ya 8

KINATEMBEA.

Samahani kwa herufi kubwa lakini kinatembea jamani. Nimekiweka mezani nikawasha kikatetemeka kama kina homa alafu kikaanza kwenda, tuk tuk tuk tuk, mita moja kwa sekunde kama 40, matairi hayajaunganishwa na kitu, hamna feni, hamna kinachotoka. Nimekaa pale nakiangalia kinaenda mpaka karibu kidondoke. Najua kabisa kwa nini kinatembea, nimesoma, nilijua kabla hata sijakiwasha, na bado kuna kitu kifuani kilisema “vipi kama?” Nikamwelewa Dean siku hiyo hiyo. Kujua ni kitu kimoja, kuona chuma ulichokifunga mwenyewe kinaondoka mbele yako ni kitu kingine.

Siku ya 9

Mpwa wangu, mtoto wa dada, amekuja. Ana miaka tisa. Ameangalia kigari kama dakika moja hivi, akasema, “Mjomba, kigeuze.”

Nikamwambia hakina haja ya kugeuzwa. Akasema labda meza imeinama. Basi nikakigeuza kielekee upande wa pili na kikaenda upande wa pili, kasi ile ile. Nikafurahi zaidi. Meza haijainama, kinasukuma kuelekea kinapotazama. Mpwa hakuridhika akakitoa mezani akakiweka kwenye kioo cha fremu ya picha kubwa tuliyoilaza chini, na mimi kwa kutaka kumfurahisha nikapaka mafuta kidogo.

Kikatetemeka pale pale. Hakikwenda popote.

Sa hapa ndo penyewe, ngoja nieleze vizuri kwa sababu ndo siri ya mashine zote za aina hii. Mikono ikipita haraka inakirusha kigari kwa nguvu inayozidi msuguano wa meza, kigari kinateleza hatua moja. Ikirudi taratibu inakivuta nyuma kwa nguvu ndogo, ndogo kiasi kwamba msuguano unaishinda, kigari kinakaa. Hatua moja mbele, sifuri nyuma, hatua moja mbele, sifuri nyuma. Kwa hiyo kitu kinachosukumwa nyuma kipo, ni meza, na meza imekaa juu ya sakafu na sakafu juu ya dunia nzima. Ukiondoa msuguano unaondoa injini. Ni kama mtu aliyekaa kwenye mtumbwi anajirusha mbele na nyuma bila kasia, mtumbwi utasogea kidogo ndiyo, lakini ni maji yanayomsaidia, mpeleke mahali pasipo na maji uone.

Siku ya 12

Mizani ya bafuni sina, nina ya jikoni ya kidijitali. Nimekisimamisha kigari wima juu yake ili kisukume kwenda juu. Kikiwa kimezimwa: 640. Nikawasha: 611, 608, 615, 609. Kimepungua gramu 30! Kwa mtu asiye na subira huo ni ugunduzi wa karne.

Nikaweka ubao mzito juu ya mizani, juu ya ubao sponji nene, juu ya sponji kigari. Nikatoa uzito wa ubao na sponji, nikawasha. 640, 640, 641, 640. Basi imeisha. Hii mizani inasoma mara chache kwa sekunde, na kitu kinachoigonga mara 15 kwa sekunde kinaichanganya, inachukua sampuli nyingi zaidi wakati kigari kiko hewani kidogo kuliko wakati kinatua. Sponji likameza mitikisiko ikabaki wastani, na wastani ni uzito wake, haujabadilika. Mizani za springi za zamani nazo zina lao, springi haijibu sawasawa ukiibonyeza na ukiiachia.

Siku ya 13

Kipimo cha mwisho cha kigari. Kamba ya mita 2 kutoka darini, kigari kinaning'inia, chini yake sindano inayoonyesha kwenye karatasi ya mraba. Kwanza nilishapima mezani kwa springi kinavuta kiasi gani, ilisoma kama gramu 30. Hesabu ni rahisi: gramu 30 kwa 640, mara sentimita 200, inabidi kikiwashwa kisogee sentimita 9 kutoka katikati na KIKAE huko, sio kwenda na kurudi, kikae.

Kimetetemeka dakika tano. Sindano imechora kafundo kadogo cha wino kuzunguka alama ile ile. Ukitafuta katikati ya kafundo, haijahama hata milimita.

Kigari nimempa mpwa.

Siku ya 20

Sijagusa kitu wiki nzima, kazi. Ila nimekuwa nafikiria habari ya nishati, kwa sababu kuna watu wanasema sawa momentamu (masi mara kasi, ile hesabu ya Newton) tumekosea lakini nishati tunalipa, si tunaingiza umeme? Mkono mtupu haulambwi, na mkono wetu sio mtupu.

Haya. Chukua mashine inayosukuma kwa nguvu ile ile muda wote kwa umeme ule ule. Kazi inayofanya kila sekunde ni nguvu mara kasi. Umeme unaoingia haubadiliki ila kasi inapanda, kwa hiyo kuna kasi fulani ambayo ukiipita mashine inatoa nishati kuliko inayokula. Kasi hiyo ni umeme gawanya kwa nguvu, basi.

Sasa weka namba za kweli. Kuna kopo la shaba lililofungwa, linajazwa mawimbi ya mikrowevu na linadaiwa kujisukuma lenyewe, linaitwa EmDrive, lilianzishwa na Roger Shawyer wa Uingereza miaka ya 2000 mwanzoni. China, timu ya Yang Juan ilitangaza kwamba wamepata milinyutoni 720 kwa kilowati 2.5. Gawanya: wati 2,500 kwa nyutoni 0.72 unapata mita 3,472 kwa sekunde. Kituo cha anga cha kimataifa kinazunguka dunia kwa kilomita 7.7 hivi kwa sekunde. Yaani ukilifunga hilo kopo kwenye kituo, ukiwa umesimama chini unalipigia hesabu, linakula wati 2,500 na linaongeza nishati ya mwendo kwa wati zaidi ya 5,500. Siku ya kwanza tu, kabla hujaenda popote. Unalifunga kwenye gurudumu kubwa unafua umeme wa bure na unafunga mitambo yote ya umeme duniani. Mtu akikwambia ana injini isiyotupa kitu usimuulize inafika Mars kwa siku ngapi, muulize kwa nini bado analipa bili ya umeme.

(Timu hiyo hiyo walipima tena baadaye, safari hii betri ikiwa ndani ya kifaa badala ya waya kutoka nje, msukumo ukapotea. Nawaheshimu kwa hilo, sio kila mtu anarudi kupima kitu kilichompa jina.)

Linaloponea hapo ni mwanga. Mwanga hauna masi lakini una momentamu, ukiwasha tochi inakusukuma nyuma, kweli kabisa, ila kidogo mno: kilowati nzima ya mwanga inakupa mikronyutoni 3.3. Na ukigawanya umeme kwa nguvu hapo unapata kasi ya mwanga yenyewe, ambayo huifikii, kwa hiyo vitabu vinabalansi. Kila anayesema anapata zaidi ya hapo bila kutupa kitu na bila kusukuma kitu, hesabu ya nishati inamkamata mahali fulani, ni suala la kasi gani tu.

Siku ya 24

Nimeamua nijenge kopo.

Sio la kilowati. Niseme wazi kabisa: msifungue mikrowevu ya jikoni kuchomoa kile kifaa cha ndani kinachotoa mawimbi, ile kapasita inakaa na volti elfu kadhaa hata ukishachomoa plagi na inaua, haitishii. Mimi natumia amplifaya ndogo ya redio ya wati 2 kwenye gigahezi 2.4.

Mbona wati 2 zinatosha? Kwa sababu ya NASA. Kulikuwa na kikundi kidogo pale Houston, Harold White na wenzake, mwaka 2016 walichapisha matokeo ya kopo lao ndani ya ombwe (chumba kilichotolewa hewa): milinyutoni 1.2 kwa kilowati. Hiyo ni zaidi ya mara 300 ya mwanga. Wati 2 zingetoa mikronyutoni 2.4. Ni kitu kidogo sana lakini kinapimika nyumbani, ukiwa na mizani inayofaa, na hapo ndo nilipogundua mradi umebadilika jina. Kopo litachukua siku mbili. Mizani itachukua mwezi.

Siku ya 31

Mizani ya msokoto. Waya wa gitaa wa nusu milimita, ule usiosokotwa, urefu mita moja, unaning'iniza fimbo ya alumini katikati. Upande mmoja kopo, upande wa pili uzito wa kulinganisha, kila upande kama kilo moja, sentimita 30 kutoka katikati. Kioo kidogo kwenye fimbo, leza inapiga kioo na nukta inaangukia ukutani mita 3 mbali. Fimbo ikigeuka kidogo tu nukta inakimbia mara mbili yake.

Huna haja ya kununua chochote cha kupimia nguvu, inatosha kuhesabu fimbo inachukua sekunde ngapi kwenda na kurudi. Yangu inachukua 120. Ukijua hiyo na uzito na umbali unapata ugumu wa waya, na kutoka hapo: mikronyutoni 1 inasogeza nukta milimita 3 na nusu. Kwa hiyo NASA wakiwa sahihi natakiwa nione milimita 8.

Tatizo la kwanza: fimbo haitulii. Inayumba nusu saa. Nikaweka kipande cha alumini chini ya fimbo kinachopita katikati ya sumaku mbili, umeme unaozuka kwenye alumini unaipa breki bila kuigusa. Nzuri sana hii, inatulia ndani ya dakika sita.

Tatizo la pili ni mimi. Nikitembea chumbani nukta inahama sentimita 2. Nikipumua upande wake inahama. Gari likipita nje nukta inacheza. Naona sasa kwa nini maabara zina msingi wao peke yake.

Siku ya 35

Kopo tayari. Ni koni iliyokatwa kichwa, la NASA lilikuwa na upande mpana sentimita 28, mwembamba 16, urefu 23, wao walitumia kama gigahezi 1.94, kwa hiyo nimelipunguza la kwangu liendane na 2.4: 23, 13, na 18 na nusu. Bati la shaba, nimelehemu viungo vyote mpaka vidole vimeungua. Wazo lake ni kwamba mawimbi yanagonga kuta za ndani, upande mpana unasukumwa zaidi kuliko mwembamba, inabaki tofauti, kopo linaenda. Wanachosahau ni kuta za pembeni, koni imeinama kwa hiyo nazo zinasukumwa, na ukijumlisha kuta zote unapata sifuri. Ni kama mtu anayesukuma dashibodi ya gari akiwa amekaa ndani.

Kulitafutia mlio wake, yaani masafa linayoitikia, ndo kazi kubwa. Ni kama kupuliza mdomo wa chupa, kuna pumzi moja tu inayoifanya iimbe. Nina antena ndogo ya sindano na dayodi ndani, nazungusha masafa huku naangalia mita mpaka inapanda ghafla.

Siku ya 37

Nimewasha. Nukta imekimbia sentimita 3.

Nimekaa chini.

Milimita 8 ndizo nilizokuwa nazitegemea, zimekuja 30. Nimezima, ikarudi. Nimewasha, 30. Nimezima. Nimewasha, 29. Nilirudia mara kumi na moja mpaka usiku wa manane, kila mara, na ile “vipi kama” ya siku ya 8 imerudi na nduguze.

Siku ya 38

Nikasikia sauti ya mtoto kichwani: mjomba, kigeuze.

Nimelifungua kopo, nimeligeuza lielekee kinyume, nimelifunga. Kama linasukuma kweli nukta lazima iende upande wa pili. Nikawasha.

Sentimita 3, upande ule ule.

Nilijua lakini imeuma kidogo, sitadanganya.

Sasa nani anasukuma? Amplifaya inakula kama ampea 0.8 na waya zake zinashuka kutoka darini mpaka kwenye kopo. Dunia ni sumaku, na waya wenye umeme ndani ya sumaku unasukumwa, ndo mota inavyofanya kazi. Nimepiga hesabu: sumaku ya dunia upande wa mlalo mikrotesla 30 hivi, waya wima wa sentimita 10, ampea 0.8, jibu ni mikronyutoni 2.4. Nimeiangalia hiyo namba muda mrefu. Ni ILE ILE. Sentimita kumi za waya zilizokaa vibaya zinatoa nguvu sawasawa na ninayotafuta, na mimi nina zaidi ya nusu mita.

Na ndo kilichowakuta hata wakubwa. Chuo kikuu cha ufundi cha Dresden, Ujerumani, kikundi cha Martin Tajmar kilipopima 2018 kiliona msukumo, wakapunguza mawimbi yanayoingia mpaka karibu hamna, msukumo ukabaki vile vile. Wakasema hizi ni nyaya na sumaku ya dunia. Kupunguza mawimbi bila kupunguza umeme, hicho ndo kipimo kizuri kuliko vyote nilivyosoma, kwa sababu kinamuuliza shahidi mwenyewe.

Siku ya 44

Betri imehamia juu ya fimbo. Waya zimesokotwa, wa kwenda na wa kurudi pamoja, ili kila mmoja afute kazi ya mwenzake. Saa ndogo ya kuwasha na kuzima nayo iko juu ya fimbo. Hamna kinachotoka nje ya fimbo isipokuwa waya wa gitaa.

Ile sentimita 3 imekufa. Imebaki kitu kingine, kinaanza taratibu kama sekunde 20 baada ya kuwasha, kinapanda polepole mpaka milimita 11, na cha ajabu nikizima kinaendelea kupanda kwa muda alafu ndo kinaanza kushuka. Injini gani inasukuma ikiwa imezimwa?

Joto. Amplifaya inapata moto, hewa inayoizunguka inapanda, hewa nyingine inaingia kwa pembeni, kopo linasukumwa na kaupepo ka kwake lenyewe. Na bati likipata moto linatanuka, uzito unahama nusu ya unywele, fimbo inainama.

Nimetoa kopo nikaweka kisanduku cha bandia: rezista tu inayotoa joto kiasi kile kile, uzito ule ule, hamna mawimbi hata chembe. Nukta imepanda milimita 10. Mchoro ukiweka juu ya mchoro huoni tofauti.

Kuna Mmarekani mwingine, Guido Fetta, alikuwa na kopo lake la aina nyingine, NASA walilipima, matokeo yakatoka 2014, pamoja na kopo la bandia lililotengenezwa makusudi lisifanye kazi. La bandia nalo likasukuma. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Leo sijacheka.

Siku ya 46

Kidogo nje ya njia. Watu wakisikia habari hizi wanadhani hamna kabisa namna ya kwenda bila kutupa kitu, na hiyo sio kweli, ila sharti uwe na kitu cha kushika.

Kugeuka tu bila kuondoka ni rahisi, kituo cha anga kina magurudumu manne ya karibu kilo 100 kila moja yanayozunguka mara 6,600 kwa dakika, yakiinamishwa kituo kizima kinageuka. Paka anafanya hivyo hivyo akidondoka. Lakini ni kugeuka, sio kuhama. Na yakielemewa bado inabidi roketi ziyasaidie.

Kuhama ni tanga. Wajapani walirusha IKAROS mwaka 2010, tanga la mita 14 kwa 14, jembamba milimita 0.0075, jua likalisukuma kwa milinyutoni 1.12, ikapimwa, hamna ubishi. Jua ndo linalotupa, tanga linadaka.

Na ninayoipenda kuliko zote: Pioneer 10 na 11, zimeondoka 1972 na 1973, zilipofika mbali zikaonekana zinapungua kasi kwa nanomita 0.87 hivi kwa sekunde kila sekunde. Miaka mingi watu waliandika fizikia mpya juu ya hiyo namba. Mwaka 2012 ikaonekana ni joto la chombo chenyewe, linatoka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Yaani kile kile kilichonisumbua mimi juzi chumbani, ila wao kimewasumbua kwenye ukingo wa mfumo wa jua, na tofauti ni kwamba kule joto lilikuwa linasukuma kweli, kwa mwanga wake usioonekana.

Siku ya 53

Mizani yote imeingia kwenye sanduku la mbao lenye dirisha la leza, ndani nimebandika karatasi ya kung'aa, amplifaya nimeifunga kwenye kisanduku chake chenye pamba. Napima usiku tu saa nane, mi nikiwa chumba cha pili, simu inarekodi nukta.

Vipimo 40. Ishirini kopo likitazama huku, ishirini kule, na katikati yake kisanduku cha bandia bila mimi kujua lini ni lipi, dada ndo alikuwa anabadilisha na kuandika kwenye daftari lake. Maana nimeshajijua, nikijua ni kopo naona nukta inahama.

Matokeo: kopo huku na kopo kule, tofauti yao ni chini ya milimita 1, na kutingishika kwa nukta kwenyewe ni milimita 1. Kama NASA walikuwa sahihi tofauti ilitakiwa iwe 16. Udhaifu upo, nauandika: kopo likipata joto linatanuka na mlio wake unahama, nilikuwa narekebisha masafa kila baada ya vipimo vinne tu, kwa hiyo sio kila sekunde lilikuwa linaimba. Mita ya dayodi inaonyesha halikushuka chini ya nusu. Hata kwa nusu ilitakiwa iwe milimita 8 na sio sifuri.

Dresden walimaliza la kwao 2021 kwa mizani ambayo yangu ni mchezo wa watoto mbele yake, wakakuta hamna, chini hata ya kile ambacho mwanga ungetoa. Mashine ya Mmarekani James Woodward, ile ya vipande vya keramiki vinavyotetema kwa umeme, waliipima nayo, hamna, ilikuwa ni mitetemo. Lisemwalo lipo wanasema, kama halipo laja. Hili toka 1959 lipo njiani.

Siku ya 55

Navunja mizani, nahitaji meza. Waya wa gitaa nauacha darini kwa sasa, kuna kitu nataka kujaribu nacho siku nikipata pampu ya ombwe na leza yenye nguvu kidogo.

Mpwa amekuja na kigari. Amekitoa nati moja kila mkono akasema ilikuwa inapiga kelele. Anasema kwenye sakafu kinaenda mbele kama zamani, ila kwenye zulia la sebuleni kinarudi nyuma. Nikamwambia haiwezekani, akakiweka, kikarudi nyuma. Tumekigeuza, tumeligeuza zulia, tumelala chini tunaangalia nyuzi kwa tochi, zinalalia upande mmoja kama manyoya ya paka. Zulia likitazama mlangoni kinarudi nyuma, likitazama dirishani kinakimbia mbele mara mbili ya mezani. Ameniomba karatasi ya mraba na saa, yuko pale anaandika.